Robo mzunguko na uakisi kwenye bapa la majira: kwa nini darasa moja lilipata majibu mawili?

Mwalimu wa Pwani

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninafundisha hisabati Kidato cha Pili, na tumeingia katika mada ya mageuzo ya kijiometri kwenye bapa la majira (uso wenye mhimili wa x na mhimili wa y), yaani uakisi, mzunguko, uhamisho na ukuzaji. Nina maswali matatu yanayohusiana, na ninaomba msaada wa wale waliokwisha kuifundisha mada hii au wanaoitumia katika kazi zao.

La kwanza ni kuhusu kanuni zenyewe. Vitabu vingi huwapa wanafunzi jedwali: nukta (x, y) ikiakisiwa katika mhimili wa x huwa (x, −y); katika mhimili wa y huwa (−x, y); katika mstari y = x huwa (y, x); katika mstari y = −x huwa (−y, −x). Ikizungushwa nyuzi 90 kinyume cha saa kuizunguka asili (0, 0) huwa (−y, x); ikizungushwa nyuzi 180 huwa (−x, −y); nyuzi 270 huwa (y, −x). Kanuni saba zinazofanana kiasi hiki, zinazotofautiana kwa alama ya kutoa tu au kwa herufi kubadilishana nafasi, ni vigumu kukaa kichwani mwa mtoto ambaye hakuonyeshwa zimetoka wapi. Wanafunzi wangu huzikariri vizuri, lakini baada ya siku chache huanza kuchanganya (−y, x) na (y, −x). Ninatafuta njia ambayo mwanafunzi wa miaka 15 anaweza kuitumia kuijenga upya kanuni akiwa peke yake ndani ya chumba cha mtihani.

La pili lilitokana na zoezi. Niliwapa pembetatu yenye vipeo A(2, 1), B(5, 1) na C(5, 3), waiakisi katika mstari y = x na waizungushe nyuzi 90 kinyume cha saa kuizunguka asili. Walioanza na uakisi walipata A(−2, 1), B(−5, 1), C(−5, 3). Walioanza na mzunguko walipata A(2, −1), B(5, −1), C(5, −3). Nimekagua kazi za pande zote mbili na kila hatua ni sahihi. Ninajua kwamba mpangilio wa mageuzo hubadilisha jibu, lakini kusema hivyo tu hakumtoshelezi mwanafunzi aliyeuliza: kwa nini jibu la kwanza limekuwa sawa kabisa na kuakisi pembetatu katika mhimili wa y, na la pili sawa kabisa na kuiakisi katika mhimili wa x? Mzunguko umekwenda wapi?

La tatu ni mzunguko ambao kitovu chake si asili. Tukiambiwa tuzungushe nukta (5, 3) nyuzi 90 kinyume cha saa kuizunguka nukta (3, 2), wanafunzi huandika (−3, 5) bila kukitazama kitovu hata kidogo. Niwaongoze vipi?

Mzee wa Chaki

Mwalimu, hongera kwa kuuliza swali la kwanza kama ulivyoliuliza, kwa sababu ndilo linaloamua kama watoto watalipenda somo hili au wataliogopa. Nimestaafu sasa, lakini mada hii niliifundisha kwa miaka mingi, na maoni yangu ni kwamba jedwali lile lisiandikwe ubaoni kabisa mpaka wanafunzi wawe wameijenga kila kanuni kwa mikono yao. Likitangulia, huziba njia ya kufikiri.

Anza na maana ya majira. Kusema nukta iko (4, 1) ni kutoa maelekezo ya safari: kutoka asili, nenda hatua 4 kulia, kisha hatua 1 juu. Sasa zungusha karatasi nzima robo mzunguko kinyume cha saa, maelekezo yakiwa yamechorwa juu yake. Kilichokuwa kulia sasa kiko juu. Kilichokuwa juu sasa kiko kushoto. Kwa hiyo safari ile imekuwa hatua 4 juu, kisha hatua 1 kushoto, na nukta imefika (−1, 4). Ukiandika x mahali pa 4 na y mahali pa 1, hatua x za kulia zimekuwa hatua x za juu, na hatua y za juu zimekuwa hatua y za kushoto, ambazo huandikwa −y kwenye mhimili wa x. Ndiyo (−y, x). Hakuna cha kukariri hapo, na mwanafunzi akisahau huweza kuligeuza daftari lake juu ya dawati akaona mwenyewe.

Waache wafanye hivyo kwa nukta nyingi, hasa zile zenye majira hasi, kwa maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Nukta (−3, 2) ina maelekezo ya hatua 3 kushoto na 2 juu. Baada ya robo mzunguko kinyume cha saa, kushoto kumekuwa chini na juu kumekuwa kushoto; hivyo tumefika (−2, −3). Kanuni inatoa jibu hilohilo, kwani −y ni −2 na x ni −3. Mwanafunzi anapoona kwamba kanuni haikuhitaji kurekebishwa kwa ajili ya namba hasi, anaanza kuiamini.

Hatua inayofuata ni kuwaonyesha kwamba hawana haja ya kufuata nukta zote. Inatosha kufuata mbili tu: (1, 0) na (0, 1). Nukta nyingine yoyote ni mkusanyiko wa hatua za kwanza na hatua za pili, na mageuzo yote uliyoyaorodhesha katika jedwali huhifadhi mkusanyiko huo. Ukitaka kuijua kanuni ya uakisi katika y = −x, uliza tu (1, 0) inakwenda wapi. Inakwenda (0, −1). Na (0, 1) inakwenda (−1, 0). Kwa hiyo x za kulia zimekuwa x za chini, na y za juu zimekuwa y za kushoto: (−y, −x). Jedwali lote la kanuni saba hujengwa kwa kuuliza swali hilohilo, na mwanafunzi aliyezoea hulijenga kwa dakika chache.

Njia hii ina faida nyingine ambayo utaiona watakapofika Kidato cha Nne, kwenye matrisi (namba zilizopangwa katika safu mlalo na safu wima) na mageuzo. Safu wima ya kwanza ya matrisi ya mageuzo ni mahali ilipokwenda (1, 0), na safu wima ya pili ni mahali ilipokwenda (0, 1). Hata mzunguko wa pembe yoyote θ hupatikana hivyo: (1, 0) huenda kwenye (cos θ, sin θ), na (0, 1), ambayo iko robo mzunguko mbele yake, huenda kwenye (−sin θ, cos θ). Basi taswira ya (x, y), yaani nukta inayopatikana baada ya mageuzo, ni (x cos θ − y sin θ, x sin θ + y cos θ). Weka nyuzi 90 na utapata tena (−y, x), kwa kuwa cos 90° ni 0 na sin 90° ni 1.

Jambo moja zaidi kabla sijamwachia mwingine. Kila mara wanapomaliza mageuzo, waulize ni kitu gani hakikubadilika. Mwaka 1872 Mjerumani Felix Klein, alipokuwa akianza uprofesa huko Erlangen akiwa na umri wa miaka 23, alipendekeza kwamba kila jiometri itambuliwe kwa mageuzo inayoyaruhusu na kwa sifa ambazo mageuzo hayo huziacha kama zilivyo. Wazo hilo linaingia darasani kwako bila shida. Uakisi, mzunguko na uhamisho huhifadhi urefu na pembe. Ukuzaji huhifadhi pembe peke yake: pembetatu yako ina eneo la vizio 3 vya mraba, na ukiikuza mara 2 eneo linakuwa 12, si 6, kwa sababu kila upande umeongezeka mara 2 na eneo hufuata mraba wa kipimo hicho. Swali la kilichobaki ndilo linalomwezesha mwanafunzi kukagua kazi yake: kama aliambiwa azungushe na pande za taswira yake hazilingani na za awali, anajua kabla ya mwalimu kumwambia kwamba kuna hatua ya kurudiwa.

Mshazari

Shikamoo Mzee wa Chaki. Ninaomba nijibu swali la pili la Mwalimu, kwa sababu mwanafunzi aliyeuliza mzunguko umekwenda wapi amegusa kiini cha mada nzima.

Jibu ni kwamba mzunguko wenyewe umejengwa kwa uakisi mara mbili. Chukua nukta ambayo mstari unaoiunganisha na asili unafanya pembe φ na mhimili wa x. Ukiiakisi katika mstari unaopita asili kwa pembe a, pembe yake inakuwa 2a − φ, kwa kuwa kioo, yaani mstari wa uakisi, kiko katikati kabisa ya nukta na taswira yake. Iakisi tena katika mstari wa pembe b, na pembe inakuwa 2b − (2a − φ), yaani φ + 2(b − a). Umbali kutoka asili haujabadilika, na pembe imeongezeka kwa kiasi kilekile kwa kila nukta. Huo ni mzunguko, na ukubwa wake ni mara mbili ya pembe iliyopo kati ya vioo viwili.

Sasa tuutazame mzunguko wa nyuzi 90 wa zoezi lako. Ili kuupata tunahitaji vioo viwili vyenye nyuzi 45 kati yao, na tuko huru kuchagua vioo vyovyote mradi pembe hiyo itimie na mwelekeo uwe uleule. Mhimili wa x uko nyuzi 0, mstari y = x uko nyuzi 45, na mhimili wa y uko nyuzi 90. Kwa hiyo mzunguko huo unaweza kuandikwa kwa namna mbili: kuakisi katika y = x kisha katika mhimili wa y, au kuakisi katika mhimili wa x kisha katika y = x.

Kundi la kwanza lilianza na uakisi katika y = x, kisha likazungusha. Tumia namna ya kwanza ya kuuandika mzunguko, na mfuatano wa kazi yao unakuwa: akisi katika y = x, akisi tena katika y = x, kisha akisi katika mhimili wa y. Uakisi mara mbili mfululizo katika kioo kilekile huirudisha kila nukta mahali pake. Zile mbili za mwanzo zinafutana, na kinachobaki ni uakisi katika mhimili wa y peke yake. Kundi la pili lilizungusha kwanza. Tumia namna ya pili: akisi katika mhimili wa x, akisi katika y = x, kisha akisi tena katika y = x. Safari hii mbili za mwisho ndizo zinazofutana, na kinachobaki ni uakisi katika mhimili wa x. Mzunguko haukupotea. Nusu yake imefutwa na uakisi uliokuwa jirani yake, na mpangilio ndio ulioamua ni nusu ipi.

Hili pia linaeleza kwa nini majibu ya makundi mawili yanatofautiana kwa nusu mzunguko. Linganisha A(−2, 1) na A(2, −1), kisha B na C: kila nukta imegeuzwa nyuzi 180, ambayo ni mara mbili ya nyuzi 90 zilizopo kati ya mihimili miwili.

Kuna ukaguzi ambao ninaupenda sana na sioni ukitiliwa mkazo madarasani. Zunguka vipeo vya pembetatu kwa mpangilio A, B, C. Katika pembetatu ya awali unakwenda kulia kutoka A hadi B, kisha unapanda hadi C, yaani unazunguka kinyume cha saa. Katika jibu la kundi la kwanza unakwenda kushoto, kisha unapanda: unazunguka kwa kufuata saa. Katika jibu la kundi la pili unakwenda kulia, kisha unashuka: nako ni kwa kufuata saa. Kila uakisi hugeuza mwelekeo huo, na mzunguko, kwa kuwa ni uakisi mara mbili, hauugeuzi. Mwanafunzi aliyefanya uakisi mmoja na mzunguko mmoja lazima akute mwelekeo umegeuka. Asipoukuta umegeuka, arudie.

Kwa ukamilifu niongeze kwamba vioo viwili vikiwa sambamba, havitoi mzunguko bali uhamisho, na umbali wa uhamisho ni mara mbili ya umbali kati ya vioo. Akisi katika x = 1, na x inakuwa 2 − x; akisi katika x = 4, na inakuwa 8 − (2 − x), yaani x + 6. Vioo viko umbali wa 3, na nukta imehama kwa 6.

Mpima Ardhi

Ninashukuru kwa maelezo haya, nami nitaongeza yale ninayoyaona kazini, kwa sababu wanafunzi wa Mwalimu wakiuliza mambo haya yanatumika wapi, upimaji wa ardhi ni jibu la kweli.

Kwanza ni tahadhari kuhusu mwelekeo. Katika hisabati ya shule pembe hupimwa kuanzia kulia, yaani mashariki, kinyume cha saa. Katika upimaji, uelekeo wa mstari hupimwa kuanzia kaskazini kwa kufuata saa. Mstari ambao mwanahisabati angesema uko nyuzi 30, mpimaji husema uko nyuzi 60, kwa sababu moja ni 90 ukitoa nyingine. Kubadilisha hivyo ni sawa kabisa na kuakisi katika mstari y = x, ule uliozungumzwa hapo juu. Ndiyo maana mpimaji aliyepima mita 200 kwa uelekeo wa nyuzi 30 huongeza mita 200 × sin 30°, yaani 100, upande wa mashariki, na mita 200 × cos 30°, yaani takriban 173.2, upande wa kaskazini, wakati mwanafunzi aliyezoea jedwali la shule angeweka cos mahali pa sin. Na kanuni ya (−y, x), ukiitumia kwa majira yanayoanza na kaskazini kisha mashariki, huzungusha kwa kufuata saa: hatua moja ya kaskazini inakuwa hatua moja ya mashariki. Hali kama hiyo iko kwenye kioo cha kompyuta, ambapo mara nyingi asili huwa pembe ya juu kushoto na mhimili wa y huelekea chini. Hapo pia kanuni hiyohiyo huonekana ikizungusha kwa kufuata saa. Kanuni haikubadilika. Kilichobadilika ni mihimili tuliyoichora.

Pili ni uhamisho. Ramani za topografia za Tanzania za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa kutumia mfumo wa marejeo uitwao Arc 1960, unaotumia elipsoidi (umbo la dunia lililobonyea kidogo kwenye ncha) ya Clarke ya 1880, na mfumo huo umetumika pia Kenya na Uganda. Vipokezi vya GPS hutumia mfumo wa WGS 84. Vitovu vya mifumo hii miwili havikutani, hivyo mahali palepale ardhini pana majira tofauti katika kila mmoja. Njia rahisi ya kutoka Arc 1960 kwenda WGS 84 ni uhamisho katika mihimili mitatu inayoanzia karibu na kitovu cha dunia, na wastani unaotumika kwa Kenya na Tanzania ni mita −160, −6 na −302. Kwa maeneo yaliyo karibu na Ikweta hiyo ya tatu, −302, hujitokeza moja kwa moja kama tofauti ya mita mia tatu hivi katika mstari wa kaskazini na kusini. Mtu akichukua majira kutoka ramani ya zamani na kuyaingiza katika kipokezi bila kuyahamisha, atatafuta jiwe la mpaka katika shamba lisilohusika kabisa.

Kwa kazi inayohitaji usahihi zaidi uhamisho peke yake hautoshi, na hapo hutumika mageuzo ya vigezo saba: vitatu vya uhamisho, vitatu vya mzunguko kuzunguka mihimili mitatu, na kimoja cha ukuzaji. Mageuzo ya silabasi ya Kidato cha Pili yapo yote humo isipokuwa uakisi, na uakisi haumo kwa sababu ileile aliyoitaja Mshazari: ungegeuza mwelekeo wa vipeo, na ardhi haiwezi kugeuzwa kushoto kulia.

Swali la tatu, la kitovu kisicho asili, sisi hulijibu kila siku bila kulifikiria. Hamisha kitovu hadi asili, zungusha, kisha rudisha. Kwa nukta (5, 3) na kitovu (3, 2): kutoka kwenye kitovu, nukta iko hatua 2 kulia na 1 juu, yaani (2, 1). Robo mzunguko unaifanya (−1, 2). Rudisha kwa kuongeza (3, 2), na jibu ni (2, 4). Hakiki kwa umbali: kutoka (3, 2) hadi (5, 3) ni kipeuo cha pili cha 5, na kutoka (3, 2) hadi (2, 4) ni hichohicho. Ukuzaji wenye kitovu kisicho asili hufanywa kwa utaratibu uleule.

Mwalimu wa Pwani

Mzee wa Chaki, Mshazari na Mpima Ardhi, ninawashukuru kwa dhati. Maelezo ya vioo viwili nitayatumia kesho, na mfano wa ramani nitaupeleka darasani pamoja na kipande cha ramani ya wilaya yetu.

Limebaki jambo moja. Mitihani hupenda kugeuza swali: mwanafunzi anapewa umbo na taswira yake, kisha anatakiwa kutaja kitovu cha mzunguko. Kwa mfano A(2, 1), B(5, 1), C(5, 3) imekwenda A′(4, 1), B′(4, 4), C′(2, 4). Je, kuna njia mnayoipendelea?

Mshazari

Mwalimu, zipo njia mbili na ningependa wanafunzi wazijue zote, kwa sababu moja ni ya rula na bikari na nyingine ni ya aljebra, na kila moja huihakiki nyenzake.

Ya rula na bikari hutokana na ukweli kwamba kitovu kiko umbali sawa kutoka nukta na kutoka taswira yake. Nukta zote zenye umbali sawa kutoka A na A′ ziko kwenye mstari unaokata AA′ katikati kwa pembemraba. Kwa kuwa A ni (2, 1) na A′ ni (4, 1), mstari huo ni x = 3. Fanya vivyo hivyo kwa B na B′: katikati yao ni (4.5, 2.5), na kutoka B hadi B′ tunakwenda hatua 1 kushoto na 3 juu. Mwelekeo ulio pembemraba na huo hupatikana kwa kanuni ileile ya robo mzunguko, (−1, 3) ikiwa (−3, −1), maana yake hatua 3 kushoto na 1 chini. Kutoka (4.5, 2.5), nusu ya hatua hizo, yaani 1.5 kushoto na 0.5 chini, inatufikisha (3, 2), ambayo iko kwenye mstari x = 3. Kitovu ni (3, 2).

Mistari hiyo miwili ikitokea kuwa sambamba bila kukutana, umbo halikuzungushwa bali limehamishwa. Ikiangukiana na kuwa mstari mmoja, angalia kwanza kama mpangilio wa A, B, C umegeuka. Ukiwa umegeuka, mstari huo ni kioo. Usipokuwa umegeuka, ama kitovu na nukta mbili ulizochagua viko katika mstari mmoja, ama umbo limehamishwa, basi chukua kipeo cha tatu.

Ya aljebra ni fupi zaidi. Kutoka A′ hadi B′ tunapanda hatua 3, na kutoka A hadi B tulikwenda kulia hatua 3, kwa hiyo mzunguko ni wa nyuzi 90 kinyume cha saa, na kanuni lazima iwe (−y + p, x + q) kwa p na q fulani. Weka A: −1 + p = 4 na 2 + q = 1, hivyo p = 5 na q = −1. Kanuni ni (5 − y, x − 1). Kitovu ndicho nukta pekee ambayo haihami, basi x = 5 − y na y = x − 1. Weka ya pili ndani ya ya kwanza: x = 6 − x, yaani x = 3, na y = 2.

Waonyeshe pia kwamba kanuni hiyo inasomeka kama robo mzunguko kuzunguka asili, ukifuatwa na uhamisho wa (5, −1). Wanafunzi wengi hushangaa kwamba mzunguko ukifuatwa na uhamisho bado ni mzunguko, kitovu tu ndicho kilichohama, na mshangao huo unastahili kupewa muda darasani. Hakiki ya mwisho ni kipeo C, ambacho hatukukitumia popote: (5, 3) inakuwa (5 − 3, 5 − 1), yaani (2, 4), kama ulivyoandika.